Upenu

Nilipojenga Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, nyumba ambayo mama yangu angekuja kuishi nami katika uzee wake, nilitamani mtindo wa nchi za Skandinavia: mbao nyeusi, paa la mwinamo mkali, madirisha mapana, na kuta zisizo na upenu. Mbao hazikuwa taabu. Misonobari hupandwa hapa, na chuo cha misitu kipo tangu 1937.

Mama aliizunguka kimya, kisha akauliza, “Mwanangu, mgeni akikutwa na mvua mlangoni atajihifadhi wapi?”

Nikamweleza kwamba huko paa huinamishwa ili theluji isilielemee, na madirisha hupanuliwa ili jua haba la majira ya baridi lipate kuingia.

“Na hapa theluji iko wapi?” Akarudi kwake.

Masika yalimuunga mkono. Maji yaliteremka ukutani, na mbao za chini zikaanza kuoza.

Sikuwalaumu wajenzi wa Kaskazini. Mnorwe Karl Henrik Nøstvik aliposanifu pamoja na Mkenya David Mutiso jumba la mikutano la Kenyatta, Nairobi, lililokamilika 1973, ukumbi wake ulipewa umbo kama la msonge. Mgeni yule alitazama mahali alipo. Mimi mwenyeji nilitazama picha.

Niliongeza upenu mpana na benchi chini yake. Mama aliporudi hakuingia upesi. Aliketi pale nje, mvua ikinyesha, akamwita mpita njia aje ajikinge. Ndipo nilipojua kuwa nyumba imekwisha.