Kijiti Kimoja, Vyumba Viwili

Mwanga, Kigoma

Mpwa wangu mpendwa,

  Bibi yako amepokea salamu zako kutoka Dodoma pamoja na dawa ya kuchua. Mguu bado unamsumbua, ndiyo maana siku hizi hafiki sebuleni ila mara mojamoja.

Nimesoma ujumbe wako kwamba unataka kununua kijiti cha pili cha TV, cha kuonyesha video za intaneti, kikae chumbani kwake. Moyo wako nimeuona, Mungu akubariki. Ila nakuomba usinunue. Hiki ulichotuletea Idi iliyopita kinaitosha nyumba nzima.

Kwanza kuna bando. Video ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Ukishusha ubora kwenye mipangilio, inakuwa kama GB 1. Vijiti viwili vikicheza kwa pamoja bando litakwisha hatujalala, na anayelinunua ni mama yako peke yake. Tena akaunti ya video tunayolipia ni ile ya bei ya chini, inayoruhusu skrini moja tu kwa wakati. Wadogo zako wakifungua katuni sebuleni, kijiti cha bibi kitagoma hata kama kipo.

Fundi mmoja wa hapa sokoni alinishauri nifunge kile kiboksi cha kugawa picha, wenyewe wanakiita splita. Nilikiazima jioni moja pamoja na kebo ya HDMI ya mita 10, nikaipitisha darini. Kinafanya kazi, lakini TV zote mbili zinaonyesha kitu kilekile. Na kwa kuwa TV ya bibi ni ndogo, ya 720p, ile kubwa ya sebuleni nayo ilishuka ikawa sawa na ndogo. Bibi baada ya Isha anataka mawaidha, watoto wanataka katuni. Asubuhi nikakirudisha.

Basi sasa kijiti chenyewe ndicho kinachohama. Usiku wa kwanza kilinitia hofu. Nilikichomeka nyuma ya TV ya bibi, nembo ikatokea, skrini ikawa nyeusi, nembo ikatokea tena, giza tena. Bibi kakaa kitandani, tasbihi mkononi, ananitazama bila kusema neno. Nikajua kimeungua. Kumbe ni umeme: nilikuwa nimekiunga kwenye tundu la USB la TV yake, ambalo hutoa nusu ampea, na kijiti kinataka ampea nzima. Nikachukua kichwa cha chaja ya simu yangu, nikakichomeka ukutani, kikawaka moja kwa moja. Baadaye picha ikaanza kukwamakwama, maana ruta iko sebuleni na kuta zetu ni za matofali ya kuchoma. Nikahamia kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz, inayopenya ukuta kuliko ile ya 5, ikatulia.

Rimoti ya kijiti inakifuata kijiti kila kinapokwenda. Kitufe chake cha sauti tu ndicho kimepangiwa TV ya sebuleni, kwa bibi hakifanyi kitu. Kwa hiyo rimoti ya TV yake nimeifunga kwa uzi kwenye ubao wa kitanda, mkono unaifikia.

Mpira hatuutazami kwa kijiti. Picha ya intaneti huja nyuma ya king'amuzi, pengine kwa nusu dakika, na king'amuzi nacho kiko nyuma ya redio. Unaikumbuka 25 Julai 2021, fainali ya Simba na Yanga ilipochezwa hapahapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika? Bao la Taddeo Lwanga wa Simba mtaa ulilishangilia kabla halijafika kwenye TV yetu, na bibi yako, Yanga damu, akajua wamefungwa kabla hajaona mpira ukiingia. Hakuusahau uchungu ule. Kwa hiyo siku ya mechi sebule inabaki na king'amuzi, na kijiti ni cha bibi mpaka alale.

Na sasa nikwambie lililo moyoni. Kabla kijiti hakijaanza kuhama, bibi alikuwa akisikia vicheko vya wajukuu kupitia ukutani, yeye yuko peke yake na feni. Siku hizi nikichomoa kijiti nikaingia nacho chumbani kwake, wale watoto wananifuata nyuma na mkeka wao. Wanakaa chini ya miguu yake, wanamweleza katuni inasema nini, naye anawauliza kama wamekula. Kikija cha pili, kila mtu atarudi chumba chake. Sitaki, mwanangu.

Ninachohitaji ni kidogo. Nitumie kebo mbili fupi za HDMI za kurefushia, zibaki kwenye TV zote, maana kuchomeka na kuchomoa kila siku kutaharibu matundu. Na kichwa cha chaja kimoja cha ampea moja au zaidi, maana changu cha simu ndicho kinachotumika kwenye kijiti. Pesa itakayobaki weka nauli ya treni. Bibi anauliza kila jioni unakuja lini, nijibu nimwambie.

Mjomba wako