Safari iliyonyoosha mkono wa birika

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimeishi zaidi ya miaka 60, na kwa miaka 38 nilisimama mbele ya ubao nikiwafundisha watoto wa shule za msingi jijini Nairobi habari za Vasco da Gama, Fort Jesus na pepo za kaskazi na kusi. Hata hivyo, hadi Agosti 2024 sikuwa nimeitia bahari machoni. Si kwamba nilikosa nauli. Nauli nilikuwa nayo, ila mkono wangu ulikuwa mkono wa birika.

Msomaji asinielewe vibaya. Ubahili wangu haukuanguka kutoka mbinguni. Mama yangu alikuwa akipasua njiti ya kiberiti kwa wembe ili iwashe moto mara mbili. Mwaka 1984, ukame ulipoikumba nchi na tukala mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, nilikuwa mwalimu mpya, na mishahara yangu ya kwanza iliishia katika magunia ya chakula cha jamaa waliobaki kijijini. Mwaka 1993 bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40, nao mshahara wangu ukabaki nyuma ukihema. Kwa mtu aliyepitia hayo, haba na haba hujaza kibaba si methali ya kuandika ubaoni tu. Ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi.

Tulipofunga ndoa mwaka 1987, nilimwahidi mke wangu kuwa fungate yetu tutaila Mombasa. Fungate ilikwisha tukiwa katika chumba kimoja cha kupanga huku Eastlands. Nilimwambia tungoje kidogo, tununue kwanza ploti. Tuliponunua ploti, nikasema tungoje tujenge. Tulipojenga, watoto walikuwa wameingia shule za sekondari na karo ikawa wimbo wa kila muhula.

Mwaka 1994 shule yangu iliwapeleka wanafunzi Mombasa. Nilitakiwa kuandamana nao, lakini nilimwachia mwalimu mwenzangu nafasi hiyo kwa kuogopa fedha ambazo ningetumia njiani. Mwanafunzi mmoja aliniletea zawadi: chupa ya soda iliyojaa maji ya bahari. Niliipeleka nyumbani. Mke wangu alichovya kidole, akakilamba, akacheka kama mtoto.

"Kumbe ni kweli, Mwalimu. Ni chumvi tupu!"

Chupa hiyo ilikaa juu ya kabati miaka mingi. Maji yalikauka polepole, ikabaki alama nyeupe ndani yake.

Nilistaafu mwaka 2022. Watoto wote wanajitegemea, nyumba haidaiwi, na malipo yangu ya uzeeni yanaingia. Kwa hesabu yoyote ile, siku za kupasua njiti zilikuwa zimekwisha. Lakini mazoea yana taabu. Niliendelea kuzima taa sebuleni watu wakiwa wangali wameketi, na kutembea vituo viwili ili nipunguziwe nauli ya matatu. Kisha magoti ya mama watoto yakaanza kuvimba. Daktari alisema ni ugonjwa wa viungo unaozidi na umri. Tulipotoka hospitalini, mke wangu alisema bila hasira yoyote:

"Mwalimu, ile bahari yako uliyoniahidi, ningependa niiendee kwa miguu yangu mwenyewe."

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilitoa simu nikanunua tiketi za gari la moshi.

Tangu Januari 2024, nauli ya kutoka Nairobi hadi Mombasa katika reli ya kisasa ilikuwa Sh1,500 kwa daraja la kawaida na Sh4,500 kwa daraja la kwanza. Sikufikiri mara mbili. Nilichukua la kawaida, nikabeba chapati, mayai ya kuchemsha na chai katika thamosi ili tusinunue chochote njiani. Tulifika kituo cha Syokimau mapema, tukapanga mizigo yetu mstarini ikanuswa na mbwa wa polisi, na saa mbili asubuhi safari ya takriban kilomita 480 ikaanza.

Reli ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilikuwa ikiwachukua wasafiri usiku kucha. Hii ya sasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hukufikisha mchana uo huo. Tulipita Emali, Kibwezi na Mtito Andei, kisha tukaingia Tsavo, ambako mbuga mbili za wanyama, ya Mashariki na ya Magharibi, zina eneo la zaidi ya kilomita 20,000 mraba. Nilimsimulia mke wangu habari za simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, ambao ngozi zao zilijazwa na mpaka leo wanaonyeshwa katika jumba la makumbusho mjini Chicago. Yeye hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amebandika uso kioo cha dirisha, akitazama kundi la ndovu wekundu kama matofali kwa sababu ya udongo wa huko.

"Hawa wamekuwa hapa siku zote?" aliuliza.

"Siku zote," nikamjibu, na jibu hilo likanichoma kidogo.

Baada ya Voi na nyika ya Taru, mibuyu ilianza kuonekana, kisha minazi. Saa nane mchana tulishuka Miritini. Joto lilitupokea mlangoni kama mwenyeji asiyejua haya.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Mjini tulipata nyumba ya wageni. Kijana wa mapokezi alinieleza kuwa chumba cha chini ni Sh1,800 na cha orofa ya tatu ni Sh1,400. Ulimi wangu ulijibu kabla ya akili: "Tupe cha juu."

Nilibeba mizigo nikatangulia. Nilipofika juu niligeuka, nikamwona mama watoto angali kwenye kona ya kwanza. Alikuwa akipanda ngazi moja moja, mkono mmoja ukutani na mwingine gotini. Alipumzika, akapanda, akapumzika tena. Hakulalamika hata kidogo. Nilipokuwa nikimngojea nilihesabu vidato: vilikuwa 57. Nikafanya hesabu nyingine ambayo sikuwahi kuifanya katika miaka yote ya kufundisha hesabu. Nilikuwa nimeokoa Sh400, lakini si mimi niliyekuwa nikizilipa.

Usiku nilipokuwa nimelala nikisikiliza feni, yalinijia mengi. Nilikumbuka mke wangu akitoka Gikomba kwa miguu na furushi la mitumba kichwani ili tuokoe nauli. Nilikumbuka koti lake moja lililovuka misimu kumi ya baridi. Miaka yote nilijisifu mbele ya walimu wenzangu kuwa mimi ni hodari wa kuweka akiba. Kumbe akiba hiyo ilikuwa na mlipaji wake, naye hakuwa mimi.

Alfajiri nilishuka mapokezi nikaomba chumba cha chini. Kijana alinisalimia, "Shikamoo, mzee," akanipa ufunguo. Nilitoa zile Sh400. Nitakuwa mwongo nikisema mkono haukutetemeka.

Siku hiyo tulikwenda Mji wa Kale. Tulipita Ndia Kuu taratibu, chini ya roshani za mbao na milango iliyonakshiwa, tukauona msikiti wa Mandhry uliojengwa mwaka 1570. Tulikunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, na tukala mahamri kwa mbaazi za nazi. Mke wangu aliomba sahani ya pili. Zamani ningemtazama kwa jicho la upande. Safari hii niliomba ya pili mimi pia.

Kisha tukaingia Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa, na Waingereza nao wakaja kuigeuza gereza hadi mwaka 1958. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Haya yote niliyajua kwa moyo. Nisilolijua ni jinsi upepo unavyovuma juu ya kuta zile, na jinsi maji ya mlango wa bahari yanavyobadilika rangi mbele ya macho yako.

Nilitamani kumwonyesha mke wangu, lakini magoti yalikuwa yamekataa. Alikaa chini kivulini akinipungia mkono, nami nikampungia kutoka juu. Mwaka 1987 angepanda ukuta ule mbio na kuniacha nyuma. Nilisimama pale nikatambua kuwa hapo hapakuwa na chumba cha chini cha kuongezea Sh400. Kuna vitu ambavyo ukichelewa kuvinunua, baadaye haviuzwi kwa bei yoyote. Nilishuka kabla sijamaliza kutazama, nikaenda kuketi karibu naye.

Jioni tulikwenda ufuo wa Mama Ngina, ambako wenyeji hukaa chini ya mibuyu mikongwe kupunga upepo. Tulinunua madafu na kachiri za muhogo zilizonyunyiziwa pilipili na ndimu. Nilistaajabu kuwa starehe niliyoiogopa kwa miaka 37 ilikuwa na bei ndogo hivyo. Tulivuka feri ya Likoni na kurudi bila kulipa hata senti, maana abiria wa miguu huvuka bure. Si kila raha inahitaji fedha nyingi. Nyingine humtaka mtu atoke nyumbani tu.

Siku mbili za mwisho nilifanya jambo ambalo watoto wangu hawakuliamini nilipowapigia simu. Tulivuka daraja la Nyali tukachukua chumba katika hoteli ya ufuoni, Sh7,000 kwa usiku mmoja pamoja na staftahi. Kutoka mlangoni hadi mchangani hapakuwa na kidato hata kimoja. Tulikodi mashua yenye kioo chini, tukaona samaki na matumbawe ya hifadhi ya baharini ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya ndoa yetu. Baharia kijana alimwita mke wangu "bibi" na kumshika mkono wakati wa kushuka.

Bahari ilikuwa imepwa. Mama watoto alivua viatu, akainua leso, akaingia mpaka maji yakafika magotini. Alisimama kimya muda mrefu. Kisha akachovya kidole, akakilamba.

"Ni yale yale, Mwalimu," akasema.

Sikuweza kumjibu.

Tulirudi Nairobi kwa daraja la kwanza ili anyooshe miguu. Tofauti ya nauli kwa sisi wawili ilikuwa Sh6,000. Nilijua idadi kamili ya pakiti za unga ambazo fedha hizo zingenunua, kwa sababu kichwa cha mwalimu hakistaafu. Lakini alilala usingizi kutoka Mariakani hadi Mtito Andei, na nilipomtazama sikuona hasara.

Ndugu msomaji, simwambii yeyote atapanye mali yake. Akiba ndiyo iliyowasomesha watoto wangu, na kijana anayeanza kazi leo ana sababu nyingi za kuweka kuliko nilizokuwa nazo. Mali bila daftari hupotea bila habari, nami daftari langu bado ninalo. Nimeongeza ukurasa mmoja tu. Humo, kila mwezi, naandika fedha zilizotengwa kwa kutumika, na sharti lake ni kuwa mwaka ukiisha zikiwa zimebaki, nimefeli mtihani. Wa kusahihisha ni mama watoto, si mimi.

Neno langu la mwisho ni kwa nyinyi wenye wazazi kama sisi. Msitungoje tuombe, kwa maana tumezoea kusema hatuhitaji kitu. Na wewe mzee mwenzangu unayesema "tungoje kidogo", mtazame aliye karibu nawe anavyopanda ngazi, kisha uniambie ni nani anayelipia akiba yako. Mwaka huu tunapanga kwenda Kisumu kuliona ziwa. Mke wangu ameniuliza kama maji yake yana chumvi. Nimemwambia nilifundisha kuwa hayana, lakini twende tukahakikishe.