Kijana Wetu na Milima ya Theluji

Kijana wetu yuko Kanada akisomea kuongoza watu wanaoteleza kwa mbao kwenye milima ya theluji isiyo na njia wala walinzi. Sisi wazazi tuliogopa, na bado tunaogopa. Katueleza kwamba mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio unaoporomosha theluji zaidi. Kila mmoja huvaa kifuani redio ndogo ya kutafutana (mama yake humuuliza kila simu kama ameivaa), hubeba koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Aliyefukiwa anatakiwa atolewe ndani ya dakika 10 hivi; helikopta haiwahi, mwokozi ni mwenzako. Kabla ya kupanda huchimba shimo kukagua tabaka. Zikiwa dhaifu, kiongozi huwarudisha wateja, hata waliokwisha kulipa. Hilo la kuwarudisha ndilo tunalomwombea aliweze.