Kitatange Alipougua Nyumbani Mwetu

Wengi wetu tumewahi kuuguza. Tumeuguza watoto, waume na wazee wetu. Mwaka 2023, hapa Chake Chake, sisi tulijikuta tukimwuguza samaki. Huenda utacheka, kama baadhi ya jirani zetu walivyocheka mwanzoni. Lakini samaki huyo alitulazimisha kufanya jambo tulilokuwa tumelikwepa kwa miezi mingi, nasi tumeona si vyema kulinyamazia.

Sisi si wenyeji wa Pemba. Kazi ndiyo iliyotuleta kutoka Bara, na watoto wetu wamekulia hapa. Mwanzoni mwa mwaka huo mama mzaa baba alifariki kwao Njombe. Tulisafiri kwenda kumzika, tukamwacha binti yetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 6, kwa jirani yetu mzee ambaye watoto humwita Bibi. Tuliporudi, binti alituuliza habari za bibi yake wa Njombe. Tukamjibu, "Bibi amesafiri mbali." Tulidhani tunamhurumia. Kumbe kila tulipokwenda Mkoani kupokea mizigo, mtoto alisimama akiwatazama abiria wanaoshuka kwenye boti, akimtafuta bibi yake. Akawa mkimya, na hata chakula hakukipenda.

Ili kumliwaza, baba yake alirudi siku moja kutoka Wesha na ndoo. Mvuvi mmoja alikuwa amempa kitatange aliyenaswa katika dema, mdogo mno kuuzwa. Alikuwa mweupe mwenye michirizi myembamba, manjano upande wa nyuma, na utepe mweusi uliopita katika jicho. Karibu na mkia, juu ya pezi la mgongoni, ana doa jeusi linalofanana na jicho jingine, ili adui asijue kichwa kiko wapi. Fundi wa vioo akatutengenezea tangi la lita 140 hivi. Tukatia mchanga, mawe, maji ya bahari na pampu ndogo ya hewa. Mtoto akaanza kucheka tena.

Majuma matatu baadaye samaki akaugua. Kwanza alijikuna mawe kama mtu mwenye upele. Kisha tukaona mwilini mwake vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Alihema upesi upesi, mapezi ameyabana, na kamba aliyekatwakatwa hakumgusa. Siku ya nne vidoa vikapotea. Tukamshukuru Mungu, tukadhani amepona. Baada ya siku chache vilirudi, tena vingi kuliko mwanzo.

Usiku ule, mtoto alipolala, sisi wazazi tulifanya shauri. Vitatange si haba katika madema ya Wesha. Tungemtupa huyu, tukaleta mwingine wa kimo kile kile, na mtoto asingejua. Tulikubaliana hivyo na kuzima taa. Asubuhi tulimkuta binti ameketi mbele ya tangi. Bila kugeuka alituuliza, "Na yeye atasafiri kama Bibi?"

Hatukuwa na jibu. Jirani yetu mzee, aliyekuwa ameingia kuleta maziwa, alisikia. Alituita pembeni akasema kwa upole, "Wanangu, mtoto akidanganywa kifo, atangoja njiani siku zote. Mwambieni."

Tukamwambia. Tulikaa naye chini kwenye mkeka, tukamweleza kwamba Bibi aliugua, akafa, tukamzika, na kwamba hatarudi kwa boti. Tulimwambia pia tumaini letu kwa Bwana kwamba tutaonana naye. Tukamwomba radhi kwa kumficha. Alilia sana, nasi tukalia. Kisha akauliza kama samaki naye lazima afe. Safari hii hatukumpa ahadi tusiyoiweza. Tulimwambia, "Hatujui. Lakini tutamwuguza."

Tulimtafuta bwana mmoja aliyesomea mambo ya samaki, naye akatueleza ugonjwa ule. Si ukungu wala chumvi, bali ni kimelea kidogo kinachoingia chini ya ngozi na kwenye matamvua. Kila kidoa ni kimelea kinachokula. Kikishiba, baada ya siku tatu hadi saba hivi, hudondoka chini, hujifunga kama yai na kuzaana humo. Baadaye hupasuka na kutoa watoto wengi sana. Ndiyo maana vidoa hupotea, mtu akadhani amepona. Baharini watoto hao hutawanyika katika maji mengi, na wengi hufa bila kumpata samaki. Katika tangi humrudia mgonjwa yule yule.

Akatuonyesha pia kosa letu. Mtoto alikuwa akimpa samaki makombo ya ugali na mkate mara tano kwa siku, kwa mapenzi. Chakula kilichobaki kilioza, maji yakawa na sumu isiyoonekana kwa macho, na samaki akadhoofika. Basi ugonjwa ukapata nafasi.

Dawa aliyotushauri haikuwa ya dukani. Alisema vile vilivyodondoka huhitaji angalau siku tatu kabla ya kupasuka. Basi mgonjwa ahamishwe kila siku ya tatu kabla havijapasuka, aingie katika chombo kikavu na maji mapya, aviache nyuma. Tulinunua mabeseni mawili makubwa. Samaki akaingia beseni la kwanza, halafu tukamhamisha siku ya 4, ya 7, ya 10 na ya 13. Tulimchukua kwa kibakuli chenye matundu ili maji ya zamani yasimfuate. Beseni lililoachwa tulilisuuza kwa maji baridi bila sabuni, tukalianika juani pamoja na mpira wa hewa hadi vikauke kabisa. Juu ya beseni tulitandika wavu asiruke nje.

Kazi ilikuwa ya maji. Kila mara baba na kijana wetu mkubwa walikwenda Wesha na madumu mawili ya lita 20, wakateka wakati bahari imejaa, mbali na gati na mafuta ya vyombo. Mvua ikinyesha sana walingoja, kwa sababu maji ya mvua hupunguza chumvi ya pwani. Madumu yalikaa ndani kwanza mpaka maji ya zamani na mapya yakawa na joto moja.

Tatizo kubwa lilikuwa umeme. Tangu 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Usiku mmoja ulikatika, pampu ikanyamaza, na samaki akaja juu kutafuta hewa. Tulipokezana hadi alfajiri, mmoja akichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu ili yashike hewa. Binti yetu alikataa kulala. Alichota naye, akisimulia habari za bibi yake: jinsi alivyonuka moshi, jinsi alivyomfunga mgongoni kwa blanketi. Miezi yote ile hakuwa amemtaja.

Siku ya 9 kitatange alichukua kipande cha kamba. Siku ya 13 hakuwa na kidoa hata kimoja, nasi tulingoja majuma mengine mawili kabla ya kusema amepona. Tangi tulikuwa tumelimwaga, tukakausha mchanga na mawe juani, tukaanza upya, tukibadili maji kidogo kila baada ya siku mbili. Sasa hupewa chakula mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, na mabaki hutolewa.

Hatuwahimizi wasomaji wakatoe samaki matumbaweni. Kisiwa cha Misali kimehifadhiwa tangu 1998, na samaki wa bahari ni mgumu kumtunza kuliko tulivyodhani. Lakini ukiwa naye tayari, usimlishe kupita kiasi, usimtie mgeni tangini kabla ya kumtenga kwa majuma kadhaa, na vidoa vikipotea usiharakishe kushangilia.

Na kwa watoto wetu, akina mama, tusifiche msiba. Tuliogopa kwamba ukweli ungemvunja binti yetu, kumbe kilichokuwa kikimla ni kungoja. Mwezi wa Desemba tulimpeleka Njombe. Alibeba karafuu kavu kiganjani kutoka Pemba mpaka kaburini, akaziweka pale, akamweleza bibi yake kwamba samaki amepona.