Kifua Hubembeleza, Kitanda Hulaza

Jumapili iliyopita nilipita soko la Kibuye, hapa Kisumu, nikakuta kiti cha kumtikisia mtoto kama kile nilichowahi kuwa nacho. Changu nilikivunja kwa mikono yangu, lakini hiki kilikuwa ndugu yake kabisa: fremu ya chuma, kitambaa laini, mgongo ulioinama, na kidude cha betri cha kukitikisa. Kilikuwa juu ya turubai, katikati ya viatu vya mitumba. Mbele yake alisimama msichana mwenye mimba kubwa akiulizia bei. Nilihisi magoti yakilegea. Habari niliyoifungia moyoni kwa miaka miwili ikaamka, na ndiyo maana leo naitoa.

Mimi ni mchuuzi wa omena, yaani dagaa wa ziwani. Alfajiri naenda ufuo wa Dunga, mitumbwi inaporudi na taa zake, nanunua, naanika, kisha nauza Nyalenda ninakoishi. Mimba yangu ya pili ilipofika wiki 32 nilishikwa na homa. Sisi wa kando ya ziwa homa tumeizoea, na kuizoea huko ndiko kunakotuua. Kliniki walikuwa wamenipa neti yenye dawa. Sikulala chini yake hata usiku mmoja. Niliitandika ufuoni nikaanikia omena, kama nilivyowaona wenzangu wakifanya. Nalikiri kosa hilo waziwazi. Malaria humshambulia mama mjamzito hadi kwenye kondo la nyuma, mtoto akapungukiwa chakula tumboni, na pengine uchungu ukaja kabla ya wakati. Wangu ulikuja siku ya tatu ya homa. Mtoto alizaliwa usiku, kwa hiyo jina lake, kwa desturi yetu Waluo, lilitokana na usiku huo. Mizani ilionyesha gramu 1,450.

Mtoto akizaliwa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa mwepesi kupita kiasi. Huyu hakufika hata 1,500. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mishipa ilionekana kama nyuzi. Niliogopa kumgusa.

Muuguzi hakuniacha na woga huo. "Mama, fungua blauzi," aliniambia. Alimvua mtoto, akamwachia nepi, kofia na soksi tu, akamsimamisha katikati ya matiti yangu, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa alikigeuza upande na kukiinua kidogo ili pua na koo zipitishe hewa. Kisha akatufunga pamoja kwa leso, ukingo wake ukiishia chini ya sikio la mtoto. "Joto lake ni wewe sasa," alisema. "Na saa yake ya kupumulia ni moyo wako."

Ndani ya muda mfupi yule mtoto aliyekuwa akilia kwa sauti ya kifaranga alinyamaza akalala. Ndipo nilipoelewa kwamba mtoto njiti hatulizwi na kitu, hutulizwa na mtu. Njia hii huitwa malezi ya kangaruu. Ilianza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipoelemewa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Ilianza kama dawa ya uhaba, lakini leo hakuna anayeiona hivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka hospitali za nchi tano, jirani zetu Tanzania wakiwemo, ulionyesha kwamba watoto wepesi walioanza kubebwa hivi mara tu baada ya kuzaliwa walikuwa na vifo pungufu kwa robo, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza watulie kwenye mashine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri njiti wabebwe hivi kati ya saa 8 na 24 kila siku.

Tulikaa wodini wiki nne. Nililala nusu nimeketi, naye kifuani. Alipofika gramu 1,900, akinyonya vizuri, tuliruhusiwa kurudi nyumbani.

Shida yenyewe ilinisubiri huko. Chumba chetu ni kimoja, cha mabati. Mchana kinachoma, usiku upepo wa ziwa unaingia kila tundu. Mume wangu huvua usiku. Mama mkwe alikaa nasi majuma mawili, kisha mvua zikaanza, akalazimika kurudi kwao Asembo kupanda. Nikabaki na mtoto wa miaka mitatu, huyu mchanga, na deni la omena. Usiku mtoto alikuwa akilala nikimbeba, na nikimweka chini tu anaamka. Nilimbeba nikiwa nimesimama, nikiwa nimeketi, nikiwa nasonga ugali. Usiku mmoja nilisinzia juu ya kiti cha mbao, nikashtuka leso imelegea na yeye ameteleza mpaka magotini. Nililia pamoja naye mpaka kulipopambazuka. Aliyepitia usiku wa namna hiyo ananielewa: akili huacha kupima, hutafuta usingizi tu.

Jumapili iliyofuata nilienda Kibuye na shilingi 2,500 ambazo zilikuwa za mzigo wa omena. Muuzaji aliwasha kiti, kikatikisika taratibu na kuimba. Jina la waliokitengeneza lilikuwa limebanduka. Nilikinunua bila kuuliza swali.

Usiku wa kwanza mtoto alilala saa nne nzima. Nami nililala. Niliamka nikimshukuru Mungu, nikawasifia majirani kile kiti. Usiku wa pili hivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne, na wa tano.

Usiku wa sita mvua ilinyesha. Ilipokatika, ule ukimya juu ya mabati ukaniamsha. Kiti kilikuwa bado kinaimba. Nilimulika kwa simu. Mtoto alikuwa ameteleza, mgongo umepinda, kidevu kimegandamana na kifua. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Hakuwa analia, wala kukohoa, wala kutupa mikono. Nilimnyakua, kichwa kikaangukia nyuma kwenye mkono wangu, na hapo hapo nikasikia hewa ikimwingia kwa mlio nisioweza kuusahau. Akavuta pumzi mara mbili, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Jirani yetu wa bodaboda alitukimbiza hospitali. Walimweka siku mbili wakimwangalia. Muuguzi wa zamu ya usiku aliketi kando yangu, akachukua kalamu, akaniambia niinamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua kisha nijaribu kupumua. "Wewe una shingo ngumu na koo pana," alisema. "Yeye kichwa chake ni kizito, shingo ni laini, na njia ya hewa ni nyembamba kama mrija. Ukiupinda unaziba. Tena unaziba kimya, mama. Mtoto anayekosa hewa hapigi kelele, kwa sababu kelele nayo inataka hewa."

Nilimwuliza, mbona kifuani alikuwa wima na hakudhurika? Akanijibu kwamba kifuani alikuwa ameshikwa na leso kuanzia kiuno hadi sikio, kichwa kimeinuliwa, na mtu wa kumhisi yuko pale. Kwenye kiti alikuwa ameachwa peke yake, na uzito wake mwenyewe ukimvuta chini.

Nikamwambia pia kwamba mama mkwe wangu alitaka mtoto alazwe kifudifudi asije akapaliwa akicheua. Muuguzi hakumdharau mzee. Alichora koo mbili, akanionyesha kwamba mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu na ya chakula huwa chini, hivyo anachocheua hurudi kilikotoka. Akilala kifudifudi mambo hugeuka.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo kikuu pale Maseno, ndiye aliyenitafutia yaliyotokea kwingine. Nilishtuka kujua kwamba Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price iliviondoa sokoni nchini Marekani viti vyake vya kulazia watoto vyenye mgongo ulioinama, takriban milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 katika miaka kumi. Mei 2022 nchi hiyo ikatunga sheria ya kupiga marufuku kuuza vitu vya kulazia watoto vyenye mwinamo unaozidi digrii 10. Watengenezaji walikuwa na mafundi na maabara. Hayo yote hayakuisaidia shingo ya mtoto. Nami hujiambia kila ninapopita Kibuye: kitu kinapokatazwa huko, mitumba huwa haiji na barua ya kutueleza.

Nilikivunja kiti. Nilikata kitambaa kwa kisu na kupinda fremu, ili mtu asije akakiokota jalalani.

Lakini kuvunja kiti hakuleti usingizi. Uchovu ulikuwa pale pale, na uchovu ndio ulionipeleka Kibuye. Tuliketi, mimi, mume wangu na mama mkwe aliyerudi mara tu aliposikia. Alinishika mabega akasema, "Mos, nyathina," yaani pole, mwanangu, na hakuongeza lawama. Tukagawana usiku. Mume wangu aliacha kuvua siku mbili kwa wiki, akajifunga mtoto kifuani. Mara ya kwanza aliona haya, akaufunga mlango. Mwezi uliofuata alimbeba hadi nje, vijana wa mtaani wakimwona. Mama mkwe alishika zamu ya usiku wa manane, nikapata saa tatu za kulala kabla ya kwenda Dunga. Deni la omena tulilipa polepole.

Kitanda alikitengeneza fundi wa mtaani kwa mbao, kidogo, tambarare. Juu yake tuliweka mkeka wa mafunjo uliosukwa na akina mama wa Dunga, kisha godoro jembamba gumu na shuka moja iliyokazwa. Hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna mwanasesere. Mtoto hubembelezwa kifuani mpaka macho yawe mazito, kisha hulazwa chali.

Na juu ya kitanda ikaning'inia neti mpya. Mama mkwe ndiye aliyeifunga, na ndiye aliyenipa somo lake. Yeye ni wa Asembo, na anakumbuka watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walipogawa neti zenye dawa vijijini Asembo na Gem katika miaka ya 1990, vijiji vingine vikisubiri ili walinganishe. Katika vijiji vyenye neti, vifo vya watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi 11 vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano. "Sisi ni miongoni mwa walioifundisha dunia kazi ya neti," aliniambia akichomeka pindo chini ya godoro, "halafu wewe unaianikia samaki." Nilinyamaza. Alikuwa na haki.

Binti yangu ana miaka miwili sasa. Anakimbia ufuoni, na omena naanika juu ya nyavu kuukuu za uvuvi.

Yule msichana wa Kibuye nilimshika mkono nikamtoa kando, nikamweleza yote, hadi rangi ya ile midomo. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa, mama, nikichoka nifanye nini?" Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake si la kuuzwa sokoni. Nilimwambia: ukichoka, mpe mtu mwingine ambebe. Baba yake yupo, shangazi wapo, jirani yupo. Na kama hakuna mtu kabisa, mlaze chali kitandani ndani ya neti hata kama analia, ukae nje ya mlango dakika chache upumue. Kilio cha mtoto kitandani ni dalili kwamba hewa inapita.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, kama nyumbani kwako kuna kiti au bembea ya kumtuliza mtoto, kitumie akiwa macho na wewe ukiwa mbele yake. Akisinzia, usingoje. Mtoe, mlaze chali mahali pagumu na tambarare, ushushe neti. Fanya hivyo kuanzia usiku wa leo.