SIMU ISUBIRI, MKONO KWANZA!

Jamani, nusura mjomba aache ufundi! Bandani kwetu Keko alikuwa anakereza chombo cha maua cha mninga: mdomo mwembamba, tumbo kubwa. Patasi ndefu ikang'ata mbao kwa ndani, ikapinduka, kifundo cha mkono kikateguka.

Si uzembe. Ncha ikienda mbali na kiegemeo, nguvu yote ya kujipinda inamalizikia mkononi.

Nilikuwa nadunduliza hela ya simu. Nikaitoa. Dawa zilikuwa mbili. Nondo iliyonyooka inayoteleza nyuma inataka nafasi ndefu, na banda letu ukipiga chafya unagonga ukuta! Nikachukua mkono wa chuma wenye viungo. Unakunjika kama kiwiko, unabeba kule kujipinda, fundi anaongoza tu. Kwanza nilipima kimo cha mashine yetu, nikatikisa viungo. Vikicheza juu na chini, achana navyo.

Mjomba akacheka: "We mpwa wangu, umeninunulia mkono wa tatu?"

Jana kamaliza chombo chake. Unene wa ukuta bado anaupima mwenyewe, maana mkono huo hauna macho. Simu? Mtanisubiri, washikaji.