Mlango wa Ngoma, Mara ya Pili

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mashindano ya ngoma. Bibi zake wa Mombasa waligawanyika baina ya Ibinaal Watan na Banu Saada katika lelemama, wakashindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa mashairi ya vijembe. Babu zake waliandamana katika beni, huyu Marini na yule Arinoti, kwa sare, vyeo na matarumbeta, hata beni yenyewe ikapanda bara pamoja na askari na vibarua. Unguja nako, tangu ilipoasisiwa Nadi Ikhwani Safaa mwaka 1905, vyama vya taarabu havikukosa watani wa kuvichokoza. Ambalo pengine msomaji huyu hakulisikia ni kwamba huko Usukumani, nyuma ya mashamba ya pamba na majabali ya Shinyanga, yako mashindano yenye umri usiopungua huo, na kwamba bado yana uhai wa kutosha kumliza binti wa chuo.

Masimulizi ya Wasukuma yanawataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, mafundi wa dawa na wa ngoma, walioshindana kutaka kujua ni nani mwenye nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika. Wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu. Kiswahili kinawaita Wagika na Wagalu. Majina mengine yapo pembeni yao: Bayeye, mafundi wa nyoka na dawa za sumu yake, Banunguli, wawindaji wa nungunungu, Bagobogobo, wacheza na majembe ambao ngoma yao ilikuwa pia njia ya kulima shamba la mtu mpaka jioni bila kuhisi mgongo. Lakini kugawanyika kwenyewe, kule kwa kumfanya mtu aulizwe yuko upande gani, ni kwa Wagika na Wagalu.

Kanuni ya mashindano ni nyepesi na haina huruma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, jirani kwa jirani, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Hakuna jaji wala alama za karatasini. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ndiyo maana manju hatosheki na sauti nzuri. Atatafuta sanamu, chatu, kichekesho, moto, na zaidi ya yote atatafuta samba, dawa ya kuwavuta watu. Msimu wake ni baada ya mavuno, kuanzia Juni, wakati ghala zina kitu na miguu ina nafasi. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alilielewa jambo hili kuliko wengi wa kizazi chake: huko Bujora, karibu na Mwanza, hakuzifukuza ngoma bali aliziita kanisani, na sikukuu ya Bulabo, inayofungamana na Sikukuu ya Ekaristi, hadi leo huwakutanisha wachezaji baada ya misa. Wako walioona kwamba Padri alibatiza ngoma. Wako walioona kwamba ngoma ndiyo iliyombatiza Padri, na hawa hawako mbali sana na ukweli.

Binti anayehusika hapa hakulelewa na hayo. Alikulia Kahama mjini, kwa mama mfanyabiashara wa nafaka aliyempeleka kwaya ya kanisa na kumzungumzisha Kiswahili. Kisukuma alikisikia akakielewa, ila alipojaribu kukisema kilimtoka vipande vipande. Baba yake alikwenda machimboni Geita binti akiwa na umri wa miaka sita. Fedha zilikuja, mara nyingi kidogo, mara moja moja nyingi za kushangaza, kisha miezi ya kimya.

Mwaka 2021 aliingia chuo kimoja mjini Shinyanga kusomea uhasibu, akapangiwa chumba kimoja na msichana wa vijiji vya Kishapu. Msichana huyo alikuwa akiimba anapofua. Si nyimbo za redioni. Ni nyimbo zenye majina ya watu, za mtu fulani aliyekimbia deni la ng'ombe, na fulani aliyejigamba kisha akaikimbia ngoma. Binti aliuliza maana, akaelezwa. Akauliza tena. Kufikia mwisho wa mwaka wa masomo alikuwa anaitikia viitikio vyote bila kujua ni vya nani. Rafiki yake alimwambia kwamba ni vya Wagika, vya shangazi zake, na kwamba likizo ya Juni angeweza kumchukua akawaone.

Huko kijijini hapakuwa na fomu ya kujaza. Mgeni anayetaka kuingia huachwa tu. Alichota maji ya waimbaji, akafagia uwanja, akala mwisho. Jioni wanawake walikaa chini kwa mstari, wakaimba wigashe, nyimbo za kukaa ambazo mwili wake hucheza kuanzia kiunoni kwenda juu, mabega na shingo na mikono ikisema kile ambacho miguu imezuiwa kusema. Aliruhusiwa kukaa mwishoni mwa mstari. Siku ya tisa manju, mama wa makamo mwenye sauti nzito, akamwita mbele ya wazee. Binti akapiga magoti, akaamkia. Akaulizwa ni mwana wa nani. Akataja jina la baba yake. Akaulizwa babu yake alicheza wapi.

Hakujua.

Mzee mmoja alijua. Alilitaja jina la babu huyo, na kijiji chake, na mwaka wa njaa ambao alishinda ngoma tatu mfululizo upande wa Wagalu. Hakuna aliyecheka wala kukasirika. Manju alimwambia kwa upole, “Mayu, nyumba yenu ina mlango wake. Kaulize kwanza huko.” Kisha wakampa chakula kizuri kuliko siku zote nane zilizopita, michembe iliyopikwa kwa karanga, na hapo ndipo alipofahamu kwamba amekataliwa.

Ni sahihi kusema kwamba walimtendea haki. Mtu aliyeitwa kwa damu na upande mmoja akaingia upande mwingine bila ya kuuliza ni hatari kwa pande zote mbili; siku ngoma ikiharibika, atakuwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Lakini haki haimzuii mtu kuumia. Alirudi chuoni wiki mbili kabla ya muda. Rafiki yake, waliporudi kukutana, hakulitaja jambo hilo hata kidogo, wala hakuimba tena anapofua.

Yapo mataifa ambako mambo haya yana kalenda iliyochapishwa. Marekani, katika vyuo vikuu, wasichana huomba kuingia vyama vyao vya kidada vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Kile cha Alpha Kappa Alpha, cha kwanza cha wanawake weusi, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Aliyekosa mwaka wa kwanza huweza kuja tena mwaka wa pili. Huja akiwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, akijua nyimbo na akijua pia kwamba wanaomtazama wanakumbuka. Kamala Harris aliingia chama hicho mwaka 1986, akiwa mwaka wake wa mwisho pale Howard. Kuchelewa, basi, si aibu ya Kishapu peke yake. Tofauti ni kwamba kule humuuliza mwombaji amefanya nini. Huku humuuliza babu yake alifanya nini, na jibu la swali la namna hiyo halipatikani maktaba.

Lilipatikana Nyarugusu. Likizo ya Aprili 2023, akiwa mwaka wa pili, alipanda basi hadi Kahama, akaendelea kupitia Kakola, ambako mgodi wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha mwaka 2001, mpaka ndani ya Geita. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 tu, lakini dhahabu yake ilichimbwa tangu enzi za Waingereza, ikanyamaza miaka ya 1960, ikaamka kwa kishindo mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000. Pembeni ya uzio wa migodi mikubwa wanaishi wachimbaji wadogo: maduara yaliyozungushiwa magogo, makarasha yanayosaga mawe usiku na mchana, wanawake wanaoponda kwa nyundo, watu wanaonunua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja, wakitumaini kwamba wa kwanza hakuona vizuri.

Baba yake alikuwa na fungu katika duara moja. Alimpokea kama watu wanavyopokea mgeni wanayemwogopa: akamtafutia kiti, akaagiza soda, akauliza habari za mama mara tatu. Binti alipouliza habari za babu na Wagalu, alinyamaza mpaka karasha la jirani liliposimama.

“Guku wako alikuwa Mgalu mpaka kaburini,” alisema. “Mimi ndiye nilimbebea mkoba.”

Ndipo alipoeleza. Mkoba ule ulikuwa wa dawa za ngoma, na alipokufa mzee ulimwangukia yeye. Kisha ikaja miaka ambayo Usukumani wote unaikumbuka kwa soni: watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga fulani waliwaahidi wachimbaji na wavuvi utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi nchi nzima. Katika hali hiyo mtu anayetembea na mkoba wa mitishamba na manyoya hakuulizwa kama ni wa ngoma au ni wa nini. Alisimamishwa njiani na sungusungu, akakaa usiku mzima amefungwa mikono huku wakijadiliana. Asubuhi mzee mmoja alimtambua, akaachiliwa. Mkoba aliutupa mtoni siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata akaja Geita.

“Huku hawakuulizi Mgika wala Mgalu,” alisema. “Tunagawana mifuko ya mawe. Mgao ni wa mfuko, si wa ukoo.”

Binti alimuuliza kama anamkataza. Hakumkataza, wala hakumbariki. Alimtajia mdogo wa babu yake, aliye hai bado katika kijiji cha Shinyanga Vijijini, akampa fedha ya kiingilio, akamwomba asiseme mbele yao kwamba mkoba ulitupwa. Katika yote aliyoyabeba kutoka Nyarugusu, hilo ndilo lililokuwa zito.

Juni ile akapiga hodi kwa Wagalu. Walimwekea mstari mmoja na wasichana wa miaka 12 na 13 waliomcheka kila alipotamka neno kwa ulimi wa mjini, wakamfundisha kwa kumwiga. Alichota maji tena. Alifagia tena. Mikono, safari hii, ilijua kazi yenyewe, na kuna unyonge wa pekee katika kujua vizuri kazi ya mgeni. Alipoitwa mbele ya wazee aliulizwa maswali yale yale. Akataja baba, akataja babu, akataja kijiji, akataja ngoma tatu za mwaka wa njaa. Mdogo wa babu akatikisa kichwa, kisha akauliza la nne, ambalo Wagika hawakuwa na haja ya kuliuliza: mkoba uko wapi?

Binti alikaa kimya kwa muda mrefu hata watoto nyuma yake wakaanza kunong'ona. Alipofungua kinywa alisema kwamba yuko tayari kuonyeshwa miti, moja baada ya moja, ikiwa yupo wa kumwonyesha. Hakusema uongo. Hakumwuza baba yake. Mzee alimtazama, na bila shaka alielewa, kwa maana hakurudia swali hilo. Yaliyofuata usiku ule ni ya wenyewe. Mama yake wa Kahama, alipopata habari, aliuliza jambo moja tu, kama alichanjwa. Na alipojibiwa, alikata simu, akakaa siku nne bila kupiga.

Kwa rafiki yake alikwenda mwenyewe. Alimkuta akifua uani, akamwambia. Rafiki akakamua shuka mpaka tone la mwisho, akalitandaza, akasema, “Basi tutaonana uwanjani.”

Walionana Julai. Uwanja ulikuwa mmoja, vumbi moja, Wagika mashariki na Wagalu magharibi, na watu katikati wakiwa hawajaamua. Mpaka saa tisa Wagika walikuwa mbele. Walikuwa na mchezaji mwenye chatu, na chatu ni hoja ngumu kujibu. Wagalu wakaketi kwa wigashe, binti akiwa wa nne kutoka mwisho. Ndipo kutoka upande wa pili ikapanda sauti anayoijua, iliyokuwa ikiimba juu ya beseni la nguo. Wimbo ulikuwa mpya. Ulimtaja kwa jina lake kamili, na jina la chuo, na mgeni aliyekuja kwa Wagika akala michembe yao ya karanga kisha akapeleka tumbo lake kwa Wagalu. Ulisema kwamba anahesabu hatua za ngoma kwa kalamu. Kiitikio chake kilikuwa kizuri, rahisi kushika. Watu walicheka, wakakishika.

Msichana wa miaka 13 aliyekaa kando yake alimminya mkono, akamwambia asisimame, asiache, mabega tu. Hakuacha. Huko katikati mtu mmoja akauliza huyo anayeimbwa ni yupi, mwingine akanyoosha kidole magharibi, na wale waliokuwa wamesimama nyuma ya duara la chatu, wasioona kitu kwa sababu ya vichwa vya wenzao, wakaanza kugeuka na kuja kumwangalia.